Kondoo Amekonda, Mashudu Yamepanda Lori

Jamani, leo tuambiane ukweli bila kupakana mafuta. Idd el-Hajj ikikaribia, nendeni mnada wa Msalato, hapa Dodoma, siku ya Jumamosi mkawatazame kondoo wanaoshushwa pale. Mgongo umechongoka, mbavu zinahesabika, na ule mkia ambao kwa kondoo wetu ndiyo akiba ya mafuta umebaki ngozi tupu. Muuzaji anataja bei ya mnyama aliyeshiba. Mnunuzi anabonyeza kiuno, anasonya, anakwenda zake. Ana haki ya kusonya. Mnyama wa kuchinja ana masharti yake, na aliyekonda hadi mifupa ikakosa uboho hafai, hata bei ishuke vipi.

Msyuu! Na siku hiyo hiyo, kwenye barabara ya Kondoa, Babati na Arusha, malori yanapita yamefunikwa turubai, yamejaa mashudu ya alizeti ya Dodoma na Singida. Mengine safari yake haiishi mpaka yavuke Namanga, kwa sababu viwanda vya chakula cha mifugo vya Kenya vinategemea sana mashudu yetu, ya alizeti na ya pamba. Siwalaumu wenzetu wa Kenya hata kidogo. Wamejua thamani yake, wanalipa, wanachukua. Ninaowalalamikia ni sisi. Kinachonenepesha kinaondoka, aliyekonda anabaki, halafu tunakaa kwenye benchi la kahawa tunasema ufugaji wa kondoo haulipi.

Nililisema hili kijiweni kwetu Majengo, na kijana wa bodaboda akanirukia palepale. "Kaka, kusema ni rahisi. Chakula cha mifugo kimepanda bei. Nani atampa kondoo mahindi wakati watoto nyumbani wanasubiri ugali?"

Swali lake ni la haki, na linastahili jibu. Hakuna aliyesema kondoo apewe mahindi. Mzee wetu mmoja, bwana mifugo mstaafu, aliweka kikombe chini akamwambia, "Mjukuu wangu, wanaogombania gunia na wewe ni kuku na nguruwe. Kondoo hagombanii na mtu." Akaeleza vizuri, na mimi narudia kama nilivyomsikia. Kondoo ni mnyama anayecheua. Tumbo lake la kwanza ni kama pipa la kuchachushia, limejaa bakteria wasiohesabika, na hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi ambazo tumbo la mtu haliziwezi. Wanazigeuza kuwa nguvu, kisha wao wenyewe wakishuka kwenye matumbo yanayofuata wanameng'enywa na kuwa protini ya kondoo. Pumba, ganda la alizeti, tunda la mgunga, kwetu haviliki. Kwake ni nyama ya kesho. Mwana-kondoo aliyezaliwa juzi bado hana uwezo huo. Tumbo hilo huanza kufanya kazi sawasawa akifika wiki sita hadi nane, akiwa ameshazoea kutafuna majani. Kwa hiyo tunapozungumzia kunenepesha, tunamzungumzia aliyeachishwa kunyonya, mwenye miezi mitatu au minne na kuendelea.

Sasa tuitazame Dodoma yetu. Kibaigwa kuna soko kubwa la mahindi, na palipo na mahindi pana mashine za kukoboa na pumba kwa magunia. Kila mji mdogo kuanzia hapa mpaka Singida una mashine ya kukamua alizeti, na mashudu yanayotoka pale yana protini ya asilimia 25 hadi 30 hivi, kutegemea maganda yaliyobaki ndani. Porini kuna migunga, ambayo wakati wa kiangazi inaangusha matunda yake chini, na wafugaji wa Kigogo wameyajua tangu zamani. Kuna maganda ya mihogo. Hombolo na Mpunguzi kuna zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya kukamua mvinyo hubaki maganda, mbegu na vikonyo. Kwa akina mama wanaopika pombe ya kienyeji kuna machicha. Utajiri huu wote umetuzunguka, na kondoo wetu wa mjini anashinda jalalani akitafuna mfuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio bado vimezagaa, na mchinjaji yeyote mzoefu atakuambia anayoyakuta tumboni. Plastiki haimeng'enyeki. Inakaa, inachukua nafasi ya chakula, mnyama anakonda akiwa na tumbo kubwa.

Na hapa waumini wenzangu wanielewe. Fiqhi inamtaja mnyama aliyezoea kula uchafu, kwamba afungiwe kwanza na kulishwa kilicho safi kabla ya kuchinjwa. Kwa hiyo suala la chakula cha kondoo wa Idd limo pia kwenye dini yetu. Kwa pumba na mashudu hakuna wa kukuuliza. Kwa machicha ya pombe, anayenenepesha kwa ajili ya Idd amuulize shehe wake kabla hajanunua ndoo ya kwanza.

Lakini kuna kundi la pili linaloniuma zaidi ya hao wa jalalani. Ni wale waliosikia habari za chakula mbadala nusunusu, wakakimbilia. Mtu anasikia "mabaki ni chakula", anabeba chochote, anamwaga kwenye beseni, kondoo wanakufa, kisha anatangaza mtaa mzima kwamba kondoo hawafugiki. Mabaki ya mazao ni chakula kweli, na kila moja lina faida yake na sumu yake. Asiyejua vyote viwili asiguse.

Chukua pumba, ambazo kila mtu anaziona hazina madhara. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Dume mchanga ukimlisha pumba tupu miezi miwili, vijiwe vinajijenga kwenye mkojo wake. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na ina kona. Kijiwe kikinasa, basi. Utamwona anasimama amejikunja, anakamua, hakitoki kitu, anapiga teke tumbo lake mwenyewe. Siku moja mbili kibofu kinapasuka. Wengi wanasema "amelogwa" au "amekula sumu ya jirani". Jirani hana kosa. Kilichokosekana ni chokaa ya mifugo kwenye mchanganyiko, chumvi ya kumfanya anywe maji, na maji safi yaliyo mbele yake mchana kutwa.

Chukua madini ya shaba. Hili nawaomba mlishike, maana ni la kondoo hasa. Ng'ombe anavumilia, nguruwe anavumilia, kondoo havumilii. Shaba ikizidi kwenye chakula chake inajikusanya kwenye ini kimya kimya, wiki baada ya wiki, na mnyama unamwona mzima. Kisha anapata mshtuko mdogo, labda safari ya gari kwenda mnadani, na ini linaimwaga yote kwenye damu. Macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, anakufa. Shaba hiyo inatoka wapi? Kwenye chakula cha kuku na nguruwe, na kwenye madini yaliyotengenezwa kwa wanyama hao. Kwenye mbolea ya banda la kuku, ambayo kuna watu wanaisifu kuwa ni chakula cha bei ya chini, na ambayo pia inaweza kubeba mizoga na sumu za bakteria zinazoua kwa kupoozesha. Na kwa sisi wa Dodoma, kwenye mabaki ya zabibu, kwa sababu mashamba ya mizabibu hupuliziwa dawa zenye shaba kuzuia ukungu, na shaba hubaki kwenye ganda. Wanaotaka kutumia mabaki ya zabibu wayatumie kidogo, yakiwa makavu, kwa muda mfupi, na wajue shamba lilipuliziwa nini. Mabaki hayo yana ugumu mwingine pia: mbegu zake ni ngumu na zina tanini nyingi, hivyo ukizidisha unamjaza mnyama tumbo bila kumnenepesha.

Mihogo michungu nayo ina sumu ya sianidi, na maganda yake ndiyo yanayobeba nyingi. Maganda mabichi kutoka kisuni moja kwa moja mpaka kwenye hori ni hatari. Yakatekate, yaanike juani mpaka yavunjike mkononi, ndipo yawe chakula. Ibadan, Nigeria, watafiti wa taasisi za kimataifa za mifugo na kilimo cha tropiki walionyesha njia nzuri zaidi: maganda yanasagwa mabichi, yanakamuliwa maji, kisha yanaanikwa, na yanakauka ndani ya siku moja badala ya kukaa siku mbili tatu yakiota ukungu. Mashine ya kusagia muhogo na mfuko wa kukamulia si vitu vigeni kwetu.

Ukungu, wazee wangu! Sisi wa Dodoma na Manyara hatuna sababu ya kufundishwa habari ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na mtu wa mbali. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa hii hii. Sasa nasikia mtu anasema mahindi yameoza au mashudu ya karanga yameota ukungu, "tuwape mifugo". Sumu iliyoua watu haigeuki baraka ikiingia kwa kondoo. Inaharibu ini lake, inamzuia kukua, na kinachomzuia kukua kinakula pesa yako. Kilichoota ukungu kinateketezwa.

Molasi inayotoka viwanda vya sukari ni sukari kwa sehemu kubwa, protini ni kidogo mno. Kazi yake ni kufunga vumbi na kumvutia mnyama ale, ukizidisha anaharisha. Na ile mbolea ya urea ambayo vijana wananiuliza kila mara, kwamba inaongeza protini kwa bei rahisi: ni kweli bakteria wa tumboni wanaweza kuitumia, lakini isizidi kilo moja kwenye kilo mia za chakula, ichanganywe sawasawa isibaki hata bonge, mnyama azoeshwe polepole, na isiwekwe kabisa kwenye maji ya kunywa. Kama huna mizani, achana nayo. Narudia, kama huna mizani achana nayo.

Mzee wetu bwana mifugo alitupa pia habari ya lusina, ule mti wa malisho ambao wengi mmeupanda mipakani. Majani yake yana protini nyingi, lakini yana kitu kiitwacho mimosini, kinachoangusha manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo mnyama akila majani hayo tu. Miaka ya 1980 mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii wanakula lusina bila kuumwa. Sababu ilikuwa bakteria walio tumboni mwao, wanaoivunja sumu ile. Akawachukua bakteria hao, wakahamishiwa mifugo ya Australia, na tatizo likapungua. Sisi tusiojua tumbo la kondoo wetu lina bakteria gani, kanuni yetu iwe nyepesi: lusina isizidi theluthi ya anachokula.

Na Kenya kule Baringo wana funzo kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipandiwa mti wa mathenge ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Ukasambaa ukameza malisho. Mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaharibika meno, mpaka mwaka 2006 jamii ya Wailchamus ikaishtaki serikali na kumpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno, awe kielelezo. Wakati huo huo, maganda yale yale yakikaushwa na kusagwa yanakuwa chakula kizuri cha kondoo kwa kiasi, na kusaga kunaua mbegu ili mnyama asiende kuzipanda kwa kinyesi. Tunda lile lile limeleta kesi na limeleta lishe. Tofauti ni kinu. Matunda yetu ya mgunga nayo tuyasage, maana mbegu zisizosagwa nyingi zinapita tumboni nzimanzima pamoja na protini yake.

Haya, tusiishie kwenye hatari. Tufanye hesabu, maana kijiwe kisicho na hesabu ni kelele.

Mwana-kondoo wa kilo 20 anakula kama gramu 700 hadi 800 za chakula kikavu kwa siku. Nusu yake iwe majani: nyasi kavu nzuri, majani ya karanga au ya maharage, na lusina kidogo. Nusu ya pili iwe mchanganyiko. Kwa kilo 100 za mchanganyiko, weka pumba za mahindi kilo 54, mashudu ya alizeti kilo 30, matunda ya mgunga yaliyosagwa kilo 12, chokaa ya mifugo kilo 3 na chumvi kilo 1. Hapo protini inafika karibu 15 katika mia, ambayo inamtosha mnyama anayekua. Huna mgunga? Weka maganda ya mihogo yaliyokauka vizuri na uongeze mashudu kidogo, kwa sababu muhogo unatoa nguvu lakini hauna protini ya maana.

Anza na gramu 100 kwa siku. Panda polepole kwa wiki mbili mpaka ufike gramu 400. Ukimwagia mnyama mwenye njaa beseni zima siku ya kwanza, tumbo linachacha kupita kiasi, linajaa asidi, na kuna bakteria wengine wanaopata nafasi ya kutoa sumu inayoua kondoo aliyenona usiku mmoja. Huyo anayekufa ghafla akiwa ndiye mnene kuliko wote huwa amekufa kwa haraka ya mwenye mali. Kabla ya yote mpe dawa ya minyoo, na umuulize mtaalamu habari ya chanjo. Kulisha mnyama mwenye minyoo ni kulisha minyoo.

Sasa sikilizeni. Gramu 400 kwa siku, kwa siku 90, ni kilo 36 za mchanganyiko. Ndani yake mashudu ni kama kilo 11, pumba ni kama kilo 20. Basi! Hicho ndicho kiasi cha msimu mzima kwa kondoo mmoja. Akiongeza gramu 100 kwa siku, jambo linalowezekana kwa kondoo wetu wa kienyeji akitunzwa, siku 90 zimemwongezea kilo 9. Bei za mashudu na pumba mnazijua kuliko mimi, na bei ya kondoo mnene wiki ya Idd mnaijua. Pigeni wenyewe, hapa hapa kwenye benchi, kabla kahawa haijapoa.

Nilipoitaja hiyo kilo 11, kijana wa bodaboda alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kaka, gunia moja la mashudu linatosha kondoo wangapi?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Gunia la kilo 60 linatosha watano, na kinabaki kidogo. Watano! Na wapo wakulima wanaopeleka alizeti yao kukamuliwa na kumwachia mwenye mashine mashudu yote kama ujira, wakarudi nyumbani na dumu la mafuta, wakawapita kondoo wao wamesimama kwenye vumbi.

Kuna jambo jingine watu hawalitilii maanani. Idd haisubiri mvua wala mavuno. Kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, 2027 katikati ya Mei. Siku 90 kabla ya hapo ni Februari, mvua bado inanyesha Dodoma, majani yapo ya kutosha, lakini alizeti iko shambani haijakomaa. Maana yake mwenye kunenepesha analipia mashudu ya mavuno yaliyopita, tena katika miezi ambayo yamepungua. Mashudu ya mashine ndogo hubaki na mafuta, yakikaa sana yanaingia uchachu. Yahifadhiwe makavu, juu ya mbao, mbali na ukuta, na yasikae mwaka. Miaka mingine ijayo Idd itakapoingia kiangazi hesabu itageuka: majani yatakuwa ghali, matunda ya mgunga yatakuwa tele. Ndiyo maana nasema tujue viambato vingi. Anayejua kimoja tu atanenepesha mwaka mmoja kwa bahati, mwaka wa pili atalia.

Nchi hii ina mamilioni ya kondoo. Tuna Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, tuna vituo vya utafiti wa mifugo Mpwapwa na Kongwa, hapa hapa jirani, vinavyojua lishe ya mbuzi na kondoo na vinavyojua malisho. Naomba elimu hiyo ifike mnadani. Siku ya Jumamosi, Msalato, mbele ya zizi la kondoo, akae ofisa ugani mmoja na mizani, na ubao wenye viwango vya mchanganyiko, aonyeshe kwa mikono. Mfugaji aliyekuja kuuza kondoo wake mkondefu kwa bei ya hasara ndiye mwenye hamu ya kusikia kuliko mtu yeyote wa semina. Na wenye mashine za kukamua wauze mashudu kwa kilo tano, kwa kilo kumi, si kwa lori tu. Bibi mwenye kondoo watatu hawezi kununua tani.

Na wewe mfugaji, usisubiri ofisa. Alizeti yako itakapokamuliwa, kabla hujampa mwenye mashine chochote, wahesabu kondoo unaotaka kuwanenepesha. Toa kilo 11 kwa kila mmoja, uzipeleke nyumbani. Mashudu yatakayobaki baada ya hapo, yapande lori yaende yanakokwenda, na sisi kijiweni hatutakuwa na neno.